Wa Pili Jikoni kwa Bi Thureya

Nilipoingia kwenye kisomo cha kumrehemu Bi Thureya nilimkuta Nyemo ameketi mahali pangu. Sina njia ya kulisema jambo hili kwa adabu zaidi. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, udi unafuka kwenye chetezo, na kule juu, karibu na mlango wa chumba cha marehemu, wanapokaa wafiwa, bega kwa bega na Latifa, binti yake Bi Thureya, ndipo alipokaa Nyemo, mke wa mvuvi kutoka Mtera, khanga kichwani, mikono mapajani. Kila aliyeingia alimpa mkono Latifa, kisha akampa na yeye, akamwambia poleni sana. Mimi nilisogezewa nafasi karibu na viatu. Mimi niliyesomeshwa na marehemu, niliyefundisha Kiarabu sekondari mpaka nikastaafu, ambaye mabwana wa wizarani wananifuata nyumbani Area D niwatafsirie barua zao tangu Serikali ilipohamia kwetu Dodoma, nilikaa karibu na viatu, nikapokea juzuu langu, nikaanza kusoma huku jicho moja liko kule juu.

Mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu aliona ninakotazama. "Huyo ndiye aliyemuuguza," akaninong'oneza. "Mwezi mzima. Kiharusi kilipompiga, Kiswahili chote kilimtoka, akabaki na Kiarabu chake cha utotoni. Watoto wake mwenyewe hawamwelewi! Ikabidi aitwe huyo Mgogo, atoke Mtera, aje akae naye." Akatikisa kichwa. "Na wala si Mwislamu, unajua?" Nilimwambia najua. Mwezi huo wote nilikuwa Mwanza kwa binti yangu, aliyejifungua kwa upasuaji, na kila nilipopiga simu niliambiwa Bi Thureya anaendelea vizuri, nisiwe na wasiwasi. Hakuna aliyeniambia kwamba amebakiwa na lugha moja tu, na lugha yenyewe ndiyo hiyo niliyoilia mkate maisha yangu yote. Moyo ulitakiwa kujaa huzuni pale, na huzuni ilikuwapo, Mungu ni shahidi, lakini wivu ulitangulia. Ni bibi wa wajukuu mimi, nina sukari na magoti mabovu, na bado nilitamani kumwinua mtu kwenye mkeka nikae mimi. Niliuonea haya wivu ule, lakini sikuuachia. Nilikuwa nimeuzoea mno.

Habari za ukoo wetu, jinsi babu zetu walivyofika Dodoma na misafara ya biashara wakaacha kurudi pwani, sitazigusa hapa. Kila mzee wa mtaa wetu wa Majengo anazo na anazisimulia kwa namna inayompendeza. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani baada ya kidato cha nne, matokeo yakiwa hayakunipeleka popote. Nilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia: nilikuwa msomaji. Nilihitimu Kurani ningali mdogo, na kwenye maulidi ya wanawake nilikuwa nikiombwa nifungue mimi, na kina mama wakaanza kujifuta macho kabla sijafika katikati. Kwa hiyo iliposikika kwamba Bi Thureya, yule mwanamke wa Kiarabu aliyeletwa kutoka Maskati akiwa bi harusi, ataanza kuwafundisha wasichana lugha ya Kiarabu nyumbani kwake kila alasiri, nilikwenda kama mtu anayekwenda kukagua. Kiarabu niliamini ninacho tayari, kimebaki kupigwa pasi tu. Wasichana wengine walikuwa wakiniambia njiani, "Wewe Rukia unakwenda kutafuta nini kule? Si ungetufundisha wewe?" Nami nilicheka cheko la mtu asiyekataa.

Darasa lilikuwa jikoni. Hakukuwa na ubao wala dawati, bali vigoda, majiko ya mkaa yaliyopangwa chini ya dirisha, kabati la wavu la kuwekea vyakula, na harufu ya iliki iliyoingia mpaka kwenye kuta. Siku ya kwanza Bi Thureya aliniomba nisome, kwani sifa zangu zilikuwa zimemfikia. Nikasoma. Aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta, "Mashaallah. Unasoma vizuri kuliko mimi." Nilianza kujiandaa kupokea cheo. Halafu akachukua upawa uliokuwa ndani ya sufuria, akauinua mbele ya uso wangu, akaniuliza kwa Kiarabu: nini hiki? Nilielewa kwamba naulizwa, zaidi ya hapo sikuelewa. Nilizipitia akilini sura zote ninazozijua kwa moyo, za Makka na za Madina, nikitafuta upawa, na upawa sikuuona. Bi Thureya hakucheka. Alinitajia jina lake, akaurudisha ndani ya sufuria, akageukia anayefuata.

Aliyefuata hakuwa hata mwanafunzi. Alikuwa msichana wa Kigogo kutoka Zuzu, rika langu, aliyekuwa akileta maziwa kwa baiskeli, dumu limefungwa nyuma kwa mpira. Alisimama mlangoni akisubiri dumu lake, miguu imejaa vumbi la njiani, na alikuwa amesikia yote. Akalirudia lile jina la upawa, vibaya, akakosea tena, akacheka mwenyewe, kisha akalipata. Bi Thureya akamtazama. "Unataka kukaa?" "Nikiruhusiwa, mama." "Na baba yako?" Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na nasikia jibu lake lilipofika kesho yake lilikuwa fupi: lugha haimbatizi mtu wala haimsilimishi, mradi maziwa yafike. Basi Nyemo akakaa, akapewa kigoda, na kigoda chenyewe kikawekwa kati ya jiko na mwalimu.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja. Ukivuka kizingiti, Kiswahili unakiacha nje pamoja na viatu. Mwalimu wetu tulimwita khala, yaani mama mdogo, na kwa muda wote wa somo kila kitu ulichokitaka ulikiomba kwa Kiarabu, na usichoweza kukiomba hukipati. Hakuna aliyekukemea, hakuna aliyekuhurumia, unapitwa tu. Siku za mwanzo tulikuwa wasichana wengi na chai ilikuwa ikizunguka kimyakimya kama tuko msibani. Nilipata sukari mapema, kwa sababu nililitamka neno letu kwa kukaza koo na likakubalika, na kwa muda nikajidanganya kwamba siri yote ya Kiarabu ni koo. Nikaomba chumvi kwa kukaza koo. Nikaomba kijiko kwa kukaza koo mpaka nikakohoa. Nilikula viazi visivyo na chumvi siku nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, kwa sababu kuuliza "hiki kinaitwaje" kulinishinda. Kulikuwa kukiri mbele ya wale wale walioniambia niwafundishe. Chai yangu niliinywa ya rangi. Maziwa yalikuwapo mezani, yenye utandu wa mafuta juu, na aliyeyaleta alikuwa amekaa mkabala nami akiyamimina, kwa sababu siku ya pili tu aliuliza yanaitwaje, akakosea, akarekebishwa, akapewa.

Nimefundisha maisha yangu yote na ndiyo maana leo naweza kueleza kilichotokea, ingawa maelezo hayajawahi kunipunguzia chochote. Nyemo alikuwa ameshajifunza lugha. Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni, akiwa mtoto anayejua Kigogo tu, na alikwishapita ile aibu ya kuwa mjinga mdomoni mbele ya watu. Aliijua njia. Mimi Kiswahili nilizaliwa nacho na Kiarabu nilikikariri. Sikuwahi hata siku moja kufungua mdomo nisijue kitakachotoka. Yeye alikusanya maneno kama anavyookota karanga shambani, moja moja, bila haraka, na lolote alilolipata alilitumia palepale. Ilipofika kipupwe, ule wakati upepo wa Dodoma unavuma mpaka mchanga unaingia ndani ya meno, wasichana wengine walikuwa wamekwisha kuacha, mmoja kaolewa, mwingine kapata kazi dukani, wengine wamechoka chai isiyo na sukari. Tukabaki wawili. Tulikuwa tumeanza kusema sentensi, kisha visa, kisha kubishana. Mimi pia nilikuwa nimefunguka, nisijidhulumu. Sarufi niliishika kuliko yeye na kusoma nilisoma mara mia kuliko yeye. Lakini Bi Thureya alipotaka kucheka alimgeukia Nyemo. Alipoonja mchuzi, kijiko cha pili cha kuonja alimpa Nyemo. Vitu vidogo hivyo nilivihesabu kuliko nilivyohesabu miezi.

Nilimwonea wivu, na si wivu wa kupita. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake vilivyokuwa vikinuka maziwa na havikumzuia kushikwa mkono na mwalimu. Nilimwonea wivu kwa namna alivyokuwa akisahau kwamba tunashindana. Kuna siku alinisubiri mlangoni baada ya somo, akaniambia, "Rukia, nisaidie kusoma kile kitabu, herufi zinanikimbia." Nikamsaidia, na nilimsaidia vizuri, sikumficha kitu, nilikuwa na kiburi cha kutosha kutaka kumshinda kwa haki. Alipoondoka na baiskeli yake nilisimama pale nikiomba, kweli kabisa, matokeo yake ya kidato cha nne yarekebishwe huko yalikotoka, achaguliwe kwenda shule ya mbali, aondoke kwa heri na furaha, bora tu aondoke.

Ndipo likaja suala la Khartoum. Mhandisi mmoja wa Kisudani alikuwa ameletwa kuchimba visima vijijini, na mkewe, Bi Ihsan, mwanamke mrefu aliyejifunga shuka lao jepesi kuanzia kichwani, alikuwa akifa kwa upweke mjini kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Alipogundua kuna jiko Majengo ambamo Kiarabu kinasemwa, hakutoka tena. Kaka yake alikuwa akifundisha kwenye chuo kimoja cha lugha huko kwao, na siku moja Bi Ihsan akasema mbele yetu kwamba anaweza kumpatia nafasi msichana mmoja, masomo na malazi, ila ni mmoja tu, na Bi Thureya ndiye atakayechagua. Usiku ule sikupata usingizi. Nilitaka kusoma, ndiyo, na nilitaka kupanda ndege. Lakini nikisema kweli nilichokitaka hasa kilikuwa karibu zaidi: nilitaka Bi Thureya aulizwe ni nani wa kwanza, kwa sauti, na ajibu Rukia.

Bi Ihsan akaalikwa chakula cha mchana ili atusikie vizuri. Mimi nikapewa nipike chochote, Nyemo naye vivyo hivyo. Nilipika pilau. Pilau langu la siku ile lilikuwa halina mpinzani, kila punje imesimama peke yake, bizari imekolea, nyama inaachia mfupa. Nyemo alikuja kutoka Zuzu na ugali wa mtama, mweusi, umefungwa kwenye kitambaa, na bakuli la mlenda wa kukaushwa na kutwangwa uliopikwa na karanga. Nilipoona lile bakuli nilimhurumia, tena nilifurahi kumhurumia. Mlenda mbele ya mgeni wa heshima! Bi Ihsan alikula pilau kidogo, kwa adabu, akalisifu. Kisha akafunua lile bakuli, akakoroga kwa kidole, akaona unavyovutika. Alimega tonge la ugali, akachovya, akatia kinywani. Machozi yakaanza kumtoka palepale mbele yetu, huku anatafuna. Kumbe kwao wanakula hivyohivyo: uji mgumu wa mtama na bamia kavu iliyosagwa, inavutika hivyohivyo, na tangu alipofika nchi hii kila nyumba ilikuwa ikimpa wali na chapati kwa heshima. "Nani kakufundisha chakula cha mama yangu?" akamuuliza Nyemo. "Mama yangu," Nyemo akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko, mmoja bado analia. Pilau langu likapoa katikati ya meza.

Nilijua lazima niseme kitu. Bi Ihsan aliponigeukia kwa adabu na kuuliza hali ya hewa ya kwetu ikoje wakati wa kiangazi, nilivuta pumzi nikamjibu kwa Kiarabu fasaha kuliko chote nilichowahi kukisema. Nikamweleza upepo, vumbi, ukame wa mito, mizabibu inavyopogolewa. Lakini hofu iliponipanda, ulimi ulikimbilia ulikolelewa. Bila kujitambua nikaanza kuvuta pale panapovutwa na kughuni, kupitisha sauti puani, pale panapoghuniwa, sauti ikapanda na kushuka, na vumbi la Dodoma nikalisoma kwa mahadhi ya Kurani, kama naifungua hadhara ya maulidi. Bi Ihsan akaweka tonge chini. Akasogeza shuka lake likae vizuri kichwani, akafumba macho, akainamisha kichwa. Nilipofika mwisho wa habari za upepo akasema kwa unyenyekevu mkubwa lile neno la kufungia kisomo cha Kurani, "Swadakallahul-adhim." Halafu akafumbua macho, akatambua alichokiitikia, akasema astaghfirullah, akaziba mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. Bi Thureya alijikaza kadiri alivyoweza. Nyemo peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba hata huruma ya pale mezani ilitoka kwake.

Siku chache baadaye nilikuwa ghalani, chumba kidogo nyuma ya jiko, nikichambua mchele kwenye ungo. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, bati linaalika juu ya kichwa changu. Bi Ihsan alikuja, akaketi jikoni na Bi Thureya, na ukuta kati yetu ulikuwa haufiki juu. Wakaanza kuzungumza kama wanavyozungumza watu wa lugha moja wakiwa peke yao, haraka, wakimeza maneno, wakikatizana. Mwanzoni sikusikiliza. Kisha nikatambua kwamba nasikia. Sikuwa nikitafsiri, sikuwa nikidaka neno hapa na neno pale nikiunga; yalikuwa yakiingia tu, yote, kama ninavyosikia majirani zangu wakiteta. Sikuwahi kufika hapo kabla. Mwaka mzima nilikuwa nikiingoja siku hiyo, na nilikwisha kujipangia nitakavyoshangilia. "Ni yule wa maziwa," Bi Ihsan alikuwa akisema. "Yule lugha imeshamkalia." Bi Thureya akajibu, "Najua. Ndiye wa kwanza, tangu siku ya kwanza. Lakini nimeuliza, ndugu yangu, na wewe unajua, chuo hakimpokei binti Mkristo." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Basi na huyu mwingine?" Na Bi Thureya, ambaye sauti yake niliipenda kuliko ya mama mwingine yeyote mjini pale, akasema, "Huyu naye ni mzuri. Atajitahidi." Mazungumzo ya kwanza ya Kiarabu niliyoyaelewa maishani mwangu bila kupotelewa na hata neno moja ni hayo.

Nikamaliza kuchambua mchele. Nilikuwa nimepata Khartoum na nimekosa kile nilichokitakia Khartoum, na nilipotangaziwa kesho yake jikoni ilinibidi nishangae kwa Kiarabu. Nyemo alinirukia shingoni. Alipiga vigelegele vya Kigogo mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Siku ya safari alinisindikiza stendi na fuko la karanga za kukaanga, akaniambia nikawaoneshe hao Wasudani. Nilimtazama usoni kwa makini, nikitafuta japo kijidoa cha kijicho, kwa sababu mtu anayekuonea kijicho amekukubali kwamba unacho. Sikukiona. Aliniombea safari njema kwa moyo mweupe kabisa, na mimi nikapanda basi nikiwa nimeshindwa kwa mara nyingine.

Sijui kama aliambiwa sababu. Mimi sikumwambia na Bi Thureya hakuwa mtu wa kutonesha vidonda. Nilirudi na cheti, nikaajiriwa, nikaolewa, nikafundisha wasichana wa mikoa mitatu, na kwa wote niliacha upawa uanze kabla ya kitabu. Nyemo aliolewa Mtera. Kila alipoleta samaki mjini aliingia Majengo kwanza, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda, wakazungumza mpaka samaki wakalalamikiwa na wateja. Mimi nilikuwa nikienda sikukuu, nimevaa vizuri, na sukari kilo kadhaa mkononi. Nilikuwa na cheti, yeye alikuwa na mazungumzo. Kila nilipofika Bi Thureya angesema, "Nyemo alikuwa hapa juzi," na mimi ningejibu alhamdulillahi.

Siku ile ya kisomo, baada ya dua, watu walipokuwa wakila, nilimfuata Nyemo uani. Nilimkuta amekunja khanga magotini, anasugua sufuria kubwa kwa majivu, ingawa kulikuwa na wasichana wa kutosha wa kuifanya kazi hiyo. Amekuwa mwanamke mnene, nywele zimeingia mvi mbele, lakini kucheka ni kulekule. "Rukia! Pole, dada. Binti anaendeleaje?" Nikamwambia anaendelea, nikavuta kigoda, nikakaa. "Nimeambiwa umehangaika sana." "Sikuhangaika. Alikuwa mwepesi, unamgeuza kwa mkono mmoja." Nikamuuliza walikuwa wakizungumza nini mwezi mzima, na sauti yangu ikatoka kama ya askari. Hakuona, au alijifanya haoni. "Mambo ya kawaida. Maji. Mto uwekwe hivi. Nani kapita hapo dirishani." Akamwaga maji, akaanza kusugua upande mwingine. Kisha akasema bila kuniangalia, "Lakini hakuniita Nyemo hata siku moja."

"Alikuwa akikuitaje?"

"Rukia."

Nikamtazama, nikidhani ananifariji. Hakuwa anafariji mtu. Alikuwa anasugua mahali pale pale palipokwisha takata. "Siku ya kwanza nilimsahihisha. Nikamwambia, khala, mimi ni Nyemo. Akasema sawa. Halafu akaniita Rukia. Siku ya pili hivyohivyo. Nikaona namchosha mgonjwa, basi nikawa naitika." Akapumua. "Nikwambie kweli? Iliniuma. Namwosha mimi, namlisha mimi, nalala chini mimi, anayeshukuriwa ni Rukia. Sikukuonea wivu ulipokwenda Khartoum, Mungu anajua. Mwezi huu nilikuonea. Nilikuwa naingia chooni nalia."

Kitu nilichokitafuta usoni pake tangu stendi ya mabasi nilikuwa nimekaa nacho uso kwa uso, na sikujua nikifanyeje. Nilidhani kikija nitafurahi. Nilichohisi ni kwamba tumeibiana, kila mmoja kaondoka na cha mwenzake, na aliyetugawia hakukusudia. Na hata hapo, hata baada ya kujua ni jina la nani lililobaki kinywani mwake, nilimwonea wivu Nyemo, kwa sababu jina lilikuwa langu lakini masikio yaliyolisikia yalikuwa yake.

"Huyo Rukia alikuwa akiambiwa nini?" nikamuuliza.

"Kila asubuhi aliuliza hilohilo. Rukia, mbona umekawia?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu nini tena? Nilimwambia mvua kubwa, njia ilikuwa mbaya." Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono, majivu yakabaki kwenye paji la uso. "Akasema si kitu, maadamu umefika. Akaniambia nikae."

Ndani wanawake walikuwa wakigawiana vyombo, na Latifa akiwaaga watu kwa Kiswahili chake cha Dodoma. Nilimwomba Nyemo anirudie maneno yale kwa Kiarabu, kama yalivyotoka kinywani mwa Bi Thureya. Hakuniuliza kwa nini. Aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akayasema yote kwa sauti ya mwalimu wetu hasa, ile ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya kuanza, na akaanza na jina langu. Nikaitika.